Cheti kinasema Poplar: manispaa hiyo ilikwenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Katika makaratasi ya marehemu baba nimekuta cheti chake cha kuzaliwa. Alizaliwa London mwaka 1957. Babu alikuwa baharia wa hapa Tanga na bibi alikuwa Mwingereza. Mahali pa kuzaliwa pameandikwa Devons Road, Bromley, na chini yake Metropolitan Borough of Poplar. Nikitazama ramani ya leo naona Bromley iko kusini kabisa ya London, na Poplar naiona kama jina la kituo cha treni tu. Ndugu zangu wameanza kusema cheti ni cha kughushi. Je, manispaa hiyo ilikuwapo kweli? Kama ilikuwapo, nani aliifuta, na kwa nini? Na nikitaka nakala nyingine nimwandikie nani? (Msomaji wa kike, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waambie ndugu zako watulie, cheti hicho ni halali. Kilichokufa ni manispaa. Metropolitan Borough of Poplar ilianza kazi Novemba 1900 na ikafutwa tarehe 1 Aprili 1965, baba yako akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Ardhi yake yote leo imo ndani ya manispaa ya Tower Hamlets, mashariki mwa London. Habari ya nakala nitaifikia mwishoni, maana umeniuliza pia nani aliifuta na kwa nini, na hapo huwezi kunijibisha kwa mstari mmoja.

Kwanza tuiondoe hii Bromley njiani, kwa kuwa imewapoteza wengi. Bromley zipo mbili. Ile unayoiona kusini ulikuwa mji wa Kent, na leo ni manispaa kubwa ya London. Ya baba yako ni nyingine, parokia ndogo ya kale kando ya Mto Lea, jirani na Bow. Wenyeji waliita zote Bromley, na hawakuchanganyikiwa kwa sababu wa huku hakuwa na shughuli ya kule. Matatizo yaliwapata wageni. Mwaka 1967 kituo cha treni cha hapo kikabadilishwa jina kuwa Bromley-by-Bow, yaani Bromley ya karibu na Bow, na ndilo jina utakalolikuta kwenye ramani za sasa. Fuata Devons Road kutoka hapo, utaona haifiki mbali.

Manispaa yenyewe iliundwa kwa parokia tatu: Poplar, Bromley na Bow. Bow ilikuwa imejitenga na parokia jirani ya Stepney mwaka 1719, Poplar ikafuata mwaka 1817. Mwaka 1855 serikali iliziweka zote tatu chini ya bodi moja ya kushughulikia mitaro na barabara. Kisha sheria ya mwaka 1899 ikaigawa London ya wakati ule katika manispaa 28, ukiacha Jiji la kale lililobaki na utawala wake, na bodi ile ya mitaro ikageuka halmashauri yenye meya, madiwani na joho. Eneo lake lilikuwa dogo, kama kilomita za mraba 9.4. Kusini ni Mto Thames. Mashariki ni Mto Lea, na ukivuka Lea ulikuwa umetoka London, uko West Ham katika jimbo la Essex. Sensa ya 1901 ilihesabu humo watu wapatao 168,000.

Watu hao waliishi kwa mto. Sehemu ya kusini inaitwa Isle of Dogs, kisiwa cha mbwa, ingawa si kisiwa hasa bali rasi ambayo Thames inaizunguka pande tatu. Humo ndimo yalimochimbwa magati makubwa: West India mwaka 1802, East India pembeni yake mwaka 1806, Millwall mwaka 1868. Sukari, chai, nafaka, mbao, vyote vilipita mabegani mwa makuli. Na kazi ya ukuli pale ilikuwa kibarua cha siku. Asubuhi wanaume walisongamana getini, msimamizi akanyoosha kidole, wewe, wewe na wewe, waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Babu yako, kama alizoea bandari, aliyajua hayo bila kufundishwa. Wanawake walifanya viwandani, na kiwanda cha kiberiti cha Bow kiliingia katika historia mwaka 1888 wafanyakazi wake wa kike walipogoma. Lakini mgomo huo ulitangulia manispaa kwa miaka 12, nisiingie huko.

Sasa njoo kwenye kiini, nacho ni kodi. Vumilia kidogo, maana bila hesabu hii mengine yote yatakuwa hadithi tu.

Kwetu kodi ya majengo humwangukia mwenye nyumba, na siku hizi Tanzania Bara tunakatwa kwenye umeme. Uingereza ya zama hizo ilimwangukia anayekaa ndani, mpangaji au mwenye mali, na ilipimwa kwa thamani ya pango. Halmashauri ilitangaza peni kadhaa kwa kila paundi ya pango, basi. Westminster, yenye majumba na maduka ya matajiri, ilipotoza peni moja ilikusanya zaidi ya paundi 31,000. Poplar ilipotoza peni ileile ilipata kama 3,600. Kwa hiyo ili kupata fedha sawa na tajiri, maskini wa Poplar ilimbidi alipe karibu mara tisa ya kiwango chake.

Hilo peke yake lingevumilika kama gharama nazo zingekuwa ndogo. Lakini kila eneo lilibeba maskini wake lenyewe. Palikuwa na Bodi ya Walezi wa Maskini, iliyochaguliwa na wenyeji, ambayo kazi yake ilikuwa kuwalisha wasio na kitu, ama kwa kuwaingiza katika nyumba ya maskini, ama kwa kuwapa posho wakiwa majumbani mwao. Fedha zilitoka kwenye kodi hiyohiyo ya majengo. Meli zikipungua, kazi inakosekana Poplar; kazi ikikosekana, maskini wanaongezeka Poplar; maskini wakiongezeka, kodi inapanda Poplar, juu ya watu waliokwisha kukosa kazi. Tajiri ambaye meli yake iliwapa makuli vibarua mwezi uliopita anaishi Kensington, na kodi yake haijui habari ya Isle of Dogs. Mstari wa mpaka ulimlinda kuliko mlinzi wa getini.

Waliokuja kuupigia kelele mstari huo walikuwa watu wa palepale. Wa kwanza kumtaja ni Will Crooks. Utotoni aliingizwa katika nyumba ya maskini ya Poplar kwa sababu wazazi wake walishindwa kuwalisha watoto. Alipokua akawa fundi wa mapipa, kisha mjumbe wa Bodi ya Walezi, kisha mwenyekiti wake, akaisimamia nyumba ileile. Mwaka 1901 akawa meya wa Poplar, meya wa kwanza wa chama cha wafanyakazi katika London. Mwenzake kwenye bodi alikuwa George Lansbury, mfanyabiashara wa mbao, Mkristo wa dhati, mwenye sauti nene na asiyejua kunywea. Mwaka 1912 alijiuzulu ubunge wake wa Bow na Bromley ili agombee upya kwa hoja moja tu, wanawake wapewe kura. Alishindwa. Wanaume ndio waliopiga kura, ungetegemea nini?

Novemba 1919, katika uchaguzi wa kwanza baada ya Vita Kuu, chama hicho cha wafanyakazi, yaani Labour, kilinyakua viti 39 kati ya 42 vya halmashauri ya Poplar, na Lansbury akawa meya. Halmashauri mpya ilikuwa na wafanyakazi wa reli, makuli, mafundi, walimu, mama wa nyumbani. Wakaweka kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa manispaa, paundi 4 kwa wiki, na wakasema mwanamke atalipwa sawa na mwanamume. Mwaka 1920 jambo hilo lilikuwa kituko.

Halafu biashara ikaanguka. Mwishoni mwa 1920 na mwanzoni mwa 1921 bandari ililala, na foleni za posho zikarefuka. Hapo madiwani walikuwa na njia mbili: wapunguze posho ya wenye njaa, au wapandishe kodi mpaka wapangaji wafukuzwe kwa kushindwa kulipa. Wakatafuta ya tatu.

Wengi hulieleza jambo hili kombokombo. Kodi iliyokusanywa na manispaa haikuwa yake yote. Sehemu ilipelekwa kwa vyombo vya London nzima: Baraza la Jimbo la London, polisi, bodi ya maji, na bodi ya hospitali za magonjwa ya kuambukiza. Michango hiyo haikuwa ndiyo chanzo cha dhuluma; kila manispaa ilitozwa peni zilezile kwa paundi. Dhuluma ilikuwa kwenye posho ya maskini, ambayo kila mtu alijibebea. Lakini madiwani hawakuweza kumlazimisha tajiri wa Westminster achangie posho ya Poplar. Walichoweza ni kukataa kukusanya michango ya vyombo vya juu, ili serikali iumie mahali inaposikia. Machi 1921 wakapitisha azimio: kodi ya wenyeji na posho ya maskini tutakusanya, ya hao wengine hatukusanyi.

Baraza la Jimbo na bodi ya hospitali wakaenda mahakamani. Tarehe 29 Julai 1921 madiwani waliitwa Mahakama Kuu, na hawakupanda gari. Walitembea maili tano hivi kutoka ukumbi wa manispaa, mbele yao bendi na mbeba rungu la meya, meya Sam March na mkufu wake shingoni, nyuma yao wananchi kwa maelfu, na bango lililosema kwamba Halmashauri ya Poplar inaandamana kwenda Mahakama Kuu na pengine gerezani. Ukiisoma habari hiyo unaona watu waliojua thamani ya vazi rasmi. Serikali ilitaka kuwaonyesha kama wahuni. Wao wakaja na joho.

Mahakama iliwaamuru walipe, wakakataa, na kukataa amri ya mahakama ni kuidharau. Kuanzia tarehe 1 Septemba wakakamatwa mmoja mmoja, jumla madiwani 30: wanaume 25 wakapelekwa gereza la Brixton, wanawake watano Holloway. Miongoni mwa wanawake alikuwamo Nellie Cressall, mjamzito wa miezi mingi, ambaye serikali ilifanya haraka kumtoa kabla hajazaa gerezani ikaaibika. Alikuwamo Susan Lawrence, binti wa familia ya kitajiri aliyeanza siasa upande wa Wahafidhina akahama. Alikuwamo Julia Scurr. Alikuwamo Minnie Lansbury, mwalimu, mke wa Edgar mtoto wa George.

Kilichofuata kinachekesha na kuhuzunisha. Halmashauri ilikuwa gerezani, lakini taka zilihitaji kuzolewa na mishahara kulipwa. Kwa hiyo wafungwa walidai ruhusa ya kufanya vikao, wakapewa, na madiwani wanawake wakawa wanaletwa kwa gari kutoka Holloway hadi Brixton kuhudhuria. Nje, watu walijaa chini ya kuta, na George Lansbury akawahutubia kutoka dirisha lenye nondo. Manispaa jirani za Stepney na Bethnal Green zikapiga kura kufuata mfano wa Poplar. Hapo serikali ilitishika kweli, maana kufunga halmashauri moja ni adhabu, kufunga tatu ni ghasia. Tarehe 12 Oktoba wote waliobaki wakaachiwa, baada ya wiki sita kwa walioanza kukamatwa, bila kulipa na bila kuomba radhi.

Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuhamishia sehemu kubwa ya gharama ya posho kwenye mfuko wa pamoja wa London. Westminster ikaanza kumlisha mtu wa Poplar. Hata neno likazaliwa katika Kiingereza, Poplarism, ambalo kwetu lingekuwa Upoplar: kwa marafiki lilimaanisha kusimama na maskini, kwa maadui lilimaanisha kutapanya fedha za umma.

Bei ilikuwa kubwa. Minnie Lansbury alitoka Holloway afya imeharibika, akafariki tarehe 1 Januari 1922 kwa nimonia, na umri wake ulikuwa miaka 32. Julia Scurr naye alikufa mwaka 1927. Mumewe daima aliilaumu jela. Kwenye barabara ya Bow kuna saa ya ukutani ya kumkumbuka Minnie, ikakarabatiwa mwaka 2008. Miongoni mwa waliosaidia kuikarabati alikuwa mwigizaji Angela Lansbury, ambaye ni binti ya Edgar kwa mke aliyemwoa baadaye. Nellie Cressall aliishi zaidi na kuja kuwa meya wa Poplar mwaka 1943.

Si kila mwenzao aliwaunga mkono. Herbert Morrison, meya wa Hackney na mpangaji mkuu wa Labour katika London, aliona kwamba kuvunja sheria kutawapotezea wapiga kura. Na baadaye sheria iliwarudi kwa mlango wa nyuma. Mkaguzi wa hesabu alisema ile paundi 4 ni nyingi mno, kwa kuwa gharama za maisha zilikuwa zimeshuka sana tangu ilipowekwa, akawataka madiwani walipe ziada kutoka mifukoni mwao. Kesi ikafika Baraza la Malabwana, wakati huo mahakama ya mwisho ya Uingereza, ambalo mwaka 1925 liliamua kwamba mkaguzi yuko sahihi. Mmoja wa majaji, Lord Atkinson, aliwasema madiwani kwa kufuata misingi ya ajabu ya hisani ya kijamaa na tamaa ya kuwasawazisha wanawake na wanaume katika ajira. Wanafunzi wa sheria bado wanaisoma hukumu hiyo, Roberts v Hopwood, wanapojifunza mamlaka ya serikali za mitaa yanakomea wapi. Mimi huona ni hukumu iliyozeeka vibaya, lakini haikuwa ya kipuuzi: swali la kama diwani anaweza kulipa mshahara apendao kwa fedha za mlipakodi linastahili jibu, na Poplar ilikuwa haijalijibu vizuri.

Na hapa ndipo nilipotaka kukuleta. Ulipouliza nani aliifuta Poplar, huenda ulitarajia adui. Mimi naona mbegu ya kufutwa kwake ilipandwa na hao hao waliotembea maili tano. Hoja yao ilikuwa kwamba London ni mji mmoja, kuli wa Poplar na bwana wa Kensington wanakula chungu kimoja, kwa hiyo gharama zigawanywe kama za mji mmoja. Walishinda. Lakini ukishakubali kwamba mpaka wa manispaa hauna haki ya kugawa mzigo, umebakiza swali moja tu: mpaka huo wa nini basi? Mwaka 1930 bodi za walezi zilivunjwa, kazi zao London zikaenda kwa Baraza la Jimbo. Mwaka 1934 Labour, ikiongozwa na Morrison yuleyule, ikalichukua Baraza hilo, na nyumba, hospitali, shule, zikazidi kuamuliwa katikati. Manispaa ilibaki na mambo yenye maana kwa mwananchi, maktaba, mabafu, taka, nyumba kiasi, ila mapigano makubwa hayakuwa yake tena. Ajabu ni kwamba Desemba 1938 Poplar ilifungua ukumbi mpya wa kisasa huko Bow Road, wenye nakshi za kuchongwa za mafundi waliojenga jengo: hawa waashi, hawa maseremala. Bado umesimama. Ni jengo la manispaa iliyodhani itaishi karne.

Miaka miwili baadaye zikaja ndege. Poplar ilikuwa inawajua Wajerumani tangu Juni 1917, bomu lilipoanguka juu ya shule ya Upper North Street na kuua watoto 18. Lakini kilichoanza tarehe 7 Septemba 1940 kilikuwa kingine. Magati ndiyo yaliyokuwa shabaha, na nyumba za makuli zilibanana na magati. Watoto walihamishwa mashambani, watu wazima wakahama, na wengi hawakurudi. Mwaka 1931 manispaa ilikuwa na watu wapatao 155,000. Mwaka 1951 walibaki 73,000 hivi. Nusu ya wananchi, na zaidi kidogo, imetoweka katika miaka 20.

Baba yako alizaliwa katika Poplar hiyo, ya viwanja vitupu na majengo mapya. Kwa maonyesho makubwa ya taifa ya mwaka 1951 serikali iliamua kuonyesha mtaa mzima uliojengwa upya badala ya michoro, na mtaa huo ukawa Poplar: Lansbury Estate, uliopewa jina la mzee George, aliyefariki mwaka 1940 baada ya kuwahi kuongoza chama chake kitaifa. Soko la Chrisp Street na mnara wake wa saa, kazi ya msanifu Frederick Gibberd, ni la wakati huo. Kutoka Devons Road ni mwendo wa miguu. Kama bibi yako alikwenda sokoni, kuna uwezekano mkubwa alikwenda hapo.

Kufutwa kwenyewe hakukuwa na drama. Mwaka 1957, mwaka uleule aliozaliwa baba yako, serikali iliunda tume chini ya Sir Edwin Herbert kutazama utawala wa London, ambayo majengo yake yalikuwa yameshaivuka kitambo mipaka ya Jimbo la London iliyowekwa mwaka 1889. Tume iliripoti mwaka 1960, na Sheria ya Serikali ya London ikapita mwaka 1963. Serikali ilitaka manispaa chache zenye watu kama 200,000 au zaidi kila moja. Sensa ya 1961 iliipa Poplar watu 66,000 na ushei. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla ya mjadala. Poplar, Stepney na Bethnal Green zikaunganishwa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumezwa na jina la mwenzake, likachukuliwa jina la kale la eneo lote, Tower Hamlets, vitongoji vya Mnara, vilivyokuwa vikiutolea Mnara wa London walinzi. Angalia kwamba ndizo zilezile tatu zilizosimama pamoja mwaka 1921.

Je, watu walikubali? Hapana kelele kubwa wakati ule. Lakini Machi 1970 wakazi wa Isle of Dogs, wamechoka kusahauliwa na halmashauri mpya, walifunga barabara za kuingilia na kujitangazia uhuru, na diwani Ted Johns akiwa rais wao. Ulikuwa utani wenye hasira ndani yake. Mwaka 1986 Waliberali waliposhika Tower Hamlets waliigawa katika vitongoji saba vyenye mamlaka, kimoja kikiitwa Poplar na kingine Bow. Mwaka 1994 Labour ikarudi na kuvivunja. Siku hizi Poplar unaikuta kwenye jimbo la ubunge, kwenye shirika la nyumba, na kwenye kile kituo cha treni ulichokiona.

Ukishuka kituo hicho utaona kusini yako minara ya kioo ya Canary Wharf. Imejengwa juu ya gati za West India, zilizofungwa mwaka 1980, na mnara wa kwanza mkubwa, wa mita 235, ulikamilika mwaka 1991. Fikiria kodi ya majengo ya mabenki hayo ingekuwa mikononi mwa Lansbury! Ila mwaka 1990, wakati minara inapanda, serikali kuu ilikuwa imeitwaa kodi ya majengo ya biashara na kuiweka kwenye chungu cha taifa kizima. Baadaye halmashauri ziliruhusiwa kubakiza sehemu.

Haya, nakala. Usiandike Bromley, usiandike Poplar. Andika ofisi ya msajili ya Tower Hamlets, au Ofisi Kuu ya Usajili ya Uingereza na Wales, ambayo inapokea maombi kwa intaneti na kutuma vyeti hadi nje ya nchi. Wape jina kamili la baba, tarehe, majina ya wazazi, na taja kwamba wilaya ya usajili ilikuwa Poplar. Kwenye fahirisi za mwaka 1957 ndivyo atakavyoonekana.

Kama unataka kujua zaidi ya cheti, maktaba ya historia ya Tower Hamlets, iliyoko Bancroft Road, imehifadhi kumbukumbu za manispaa zote tatu, picha za mitaa na madaftari ya wapiga kura. Hapo nikupe tahadhari moja. Mtu wa Tanganyika wakati ule hakuhesabiwa raia wa Kiingereza bali mtu aliye chini ya ulinzi wa Mwingereza, na kwa hiyo hakuwa na kura. Usimtafute babu katika daftari hilo ukakata tamaa. Mtafute bibi, kwa jina lake la ndoa, mtaa wa Devons Road, toleo la 1957 au 1958. Babu yeye mtafute Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa, katika majalada ya mabaharia wa meli za biashara ya 1941 hadi 1972. Ukibahatika, jalada lina picha yake.